Sauti Yangu Juu ya Sauti ya Mchimba Visima

Uongo wa kwanza niliusema nikiwa bado nimesimama mlangoni. Mzee mwenye studio aliniuliza najua lugha gani, nikamjibu: Kiingereza, Kihindi kidogo, na Kiarabu. Kiingereza changu kilikuwa cha kidato cha nne. Kihindi nilikiokota kwenye filamu. Kiarabu sikukijua. Nilisoma madrasa kwetu Lindi mpaka nikahitimu msahafu, kwa hiyo herufi zote nilizifahamu na kuzitamka nilizitamka vizuri, lakini maana niliwaachia walimu.

"Umehitimu kabisa?" aliuliza mzee.

"Kabisa."

"Basi umekuja wakati mzuri. Mtu wa Kiarabu hatuna."

Ningeweza kumsahihisha pale pale. Nilikuwa na miezi mitatu mjini, nimechoka kushusha marobota ya mitumba, na chumba kile kilikuwa na feni. Nikanyamaza.

Studio ilikuwa ghorofa ya tatu, mtaa mmoja wa Kariakoo ambao chini yake yaliuzwa mapazia na masanduku ya safari. Ukuta mzima ulikuwa umebandikwa trei za mayai na vipande vya godoro ili kelele za mtaani zisiingie, na bado ziliingia. Kazi yangu ilikuwa kutafsiri filamu. Unakaa mbele ya skrini na maiki, filamu inatembea, na wewe unasema kwa Kiswahili juu ya sauti za wale watu, ili mtazamaji kwenye kibanda umiza, kile cha kuonyeshea video kwa kiingilio, au sebuleni kwake aelewe kinachoendelea. Mtaani walituita ma-DJ. Mzee alikuwa na kanuni moja tu: "Usiache kimya. Kimya kinaua filamu." Feni, kumbe, ilizimwa wakati wa kurekodi.

Kila ilipokaribia Ramadhani mzee alitafuta filamu za jangwani, hasa zile za maisha ya watu waliowahi kuishi kweli: mfalme fulani, mwanamke fulani aliyevuka mchanga peke yake, mwanachuoni fulani. Alishagundua kwamba mteja wa Kariakoo akiona ngamia na kilemba kwenye kava hudhani ni filamu ya dini, hununua bila kuuliza. Nyingi zilikuwa na maandishi ya Kiingereza chini, nami nilisoma yale maandishi haraka haraka na kuyageuza. Kwa njia hiyo nilikaa miaka minne na ushei nikiitwa mtu wa Kiarabu na hakuna aliyenigundua.

Kisha ikaja ile ya mchimba visima. Haikuwa na maandishi ya Kiingereza. Haikuwa na maandishi yoyote isipokuwa mstari mmoja mwanzoni, mweupe juu ya weusi, kwa Kiarabu. Mzee alikuwa amesimama nyuma yangu. Niliusoma mstari ule kwa sauti, kwa tajwidi kamili, kama niko mbele ya mwalimu. Mzee akatikisa kichwa kwa kuridhika. Halafu nikausemea kwenye maiki: "Ndugu mtazamaji, kisa hiki ni cha kutunga." Nilidhani ndivyo filamu zinavyoandika. Baadaye sana nilikuja kuambiwa ulisema nini: "Mtu huyu aliishi, na maji yake yanaendelea kunywewa."

Mzee alipotoka nilijaribu, Mungu shahidi yangu. Nusu saa ya kwanza niliangalia nyuso na kukisia. Mwanamume mwembamba anateremka shimoni kwa kamba. Mkewe anasimama juu na ndoo. Kijana wao, wa miaka kama kumi na saba, anacheka sana na meno yake ya mbele yameachana. Wanahama bonde hadi bonde, wanachimba, maji yanatoka au hayatoki. Lakini watu wale waliongea taratibu, wakikaa kimya kirefu kati ya neno na neno, na mimi nilikuwa na kanuni ya kimya. Hofu ikanipanda. Nikaanza kujaza.

Nilimpa yule baba jina la utani ambalo sitaliandika hapa. Mkewe nikamfanya mkorofi anayemfukuza mumewe shimoni kwa sababu hajaleta matumizi. Ngamia nikamfanya aongee Kiswahili cha mtaani. Ilikuwa inachekesha. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli: fundi mitambo alicheka mpaka akavua miwani kujifuta machozi, na mimi niliona raha, raha ya mtu anayesifiwa kwa kazi asiyoijua.

Karibu na mwisho kuna sehemu kisima kinaporomoka. Kijana yuko chini. Watu wanakuja, wanafukua kwa mikono, kisha wanaacha. Kesho yake asubuhi baba anaketi peke yake kwenye ukingo wa shimo, anainama, na kuongea humo ndani. Anaongea muda mrefu, dakika nne au tano. Kamera haiondoki usoni kwake. Mimi sikujua anasema nini. Nikasema:

"Haloo? Haloo? Mnanisikia huko? Jamani huku jangwani mtandao hakuna! Haloo!"

Hivyo hivyo, kwa dakika nne.

Filamu ile ilitembea kuliko zote nilizowahi kutafsiri. Watu walirushiana kwenye simu kile kipande cha mwisho peke yake. Wapiga debe walikisema, wauza chipsi walikisema, mtu akiitwa asiitike, mwenzake aliinama akajifanya anachungulia shimo: "Haloo? Jangwani mtandao hakuna!" Nikipita mtaani vijana walinigongea tano. "Mambo, DJ?" "Poa." Nilitembea kifua mbele wiki kadhaa.

Wakati huo nilikuwa nimepanga chumba cha uani kwenye nyumba moja ya zamani upande wa Msimbazi. Nyumba ilikuwa ya bibi mmoja wa Kishihiri. Baba yake alikuja na jahazi kutoka Hadhramaut akiwa kijana, akauza kahawa, baadaye akafungua duka. Bibi mwenyewe alizaliwa humo humo ndani, na duka, lililokuwa kwenye chumba cha mbele, aliliendesha yeye. Aliuza ubani, udi, tende na asali. Alikuwa mfupi, mnene kidogo, magoti yanamsumbua, na alikuwa na desturi ya kunyamaza kwanza kabla ya kukujibu, hata salamu. Kila asubuhi nikitoka nilimwamkia, "Shikamoo, Bibi." Alikuwa akinitazama, halafu, "Marahaba, mwanangu. Umelala?" Miaka minne hatukuwahi kugombana.

Alijua nafanya kazi "za televisheni." Hakuuliza zaidi, nami sikueleza.

Ijumaa moja, baada ya sala, aliniita kutoka dukani. Alikuwa amevaa gauni jipya na amejifukiza. Uso wake ulikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuiona.

"Mwanangu, leo unakula kwangu. Nina wageni, na nataka uje uniunganishie nyaya za televisheni. Kuna filamu tunataka kuiangalia."

"Filamu gani, Bibi?"

"Ya babu yangu." Akacheka mwenyewe. "Wallahi. Babu mzaa mama. Ndugu zangu wa huko wamenipigia, wanasema wametengeneza filamu ya maisha yake. Nimeitafuta miezi. Mjukuu wangu kaipata hapa hapa Kariakoo, tena imetafsiriwa. Afadhali, maana hawa watoto Kiarabu hawakijui, wangeniuliza maswali mpaka nikome."

Nikamuuliza, ingawa nilikwishajua, "Babu yako alikuwa anafanya nini?"

"Alikuwa mchimba visima."

Sebuleni kulikuwa na watu kama kumi na wawili: binti zake wawili waliotoka Tanga, waume zao, wajukuu wa kila umri wamekaa kwenye mkeka, na mjukuu mkubwa, msichana wa sekondari mwenye kuvaa miwani, ameshika CD ile mkononi. Niliiona kava. Chini yake mzee wa studio alikuwa ameandika kwa herufi nyekundu kwamba imetafsiriwa na mimi, kwa jina langu la mtaani, ambalo pale ndani hakuna aliyelijua.

Niliunganisha nyaya. Niliweka CD, nikabonyeza kitufe kisicho chake, skrini ikabaki bluu.

"Inaonekana mbovu," nikasema. "Hizi za mtaani ndivyo zilivyo."

Bibi alikunja uso kama mtoto aliyenyang'anywa kitu. Ningependa kusema kwamba pale moyo ulinilainika. La. Nilishusha pumzi. Lakini msichana alisogea, akaitoa CD, akaipangusa kwa pindo la mtandio wake, akairudisha na kubonyeza panapostahili. "Sio mbovu," akasema. Mstari mweupe ukatokea, na sauti yangu, niliyoikwaruza makusudi kama ya mlevi, ikauambia ukoo mzima wa mchimba visima kwamba kisa hiki ni cha kutunga.

Niliketi karibu na mlango. Bibi mwenyewe aliniwekea sahani ya pilau na bilauri ya sharubati mapajani.

Watoto walianza kucheka mapema, ngamia alipoongea. Wakwe wakacheka. Kila niliposema lile jina la utani, mjukuu mmoja mdogo alilirudia na kujigaragaza kwenye mkeka. Alikuwa anamtania babu wa bibi yake bila kujua. Bibi alicheka kidogo mwanzoni, kicheko cha adabu, kama mtu asiyeelewa utani wa wageni. Kisha akaacha. Aliwaambia wanyamaze. Walinyamaza, lakini mimi wa kwenye televisheni sikunyamaza. Alivuta kigoda chake mbele. Baadaye akavuta tena.

Kisima kilipoporomoka alikuwa ameshafika kwenye skrini kabisa. Na baba alipoinama kwenye ukingo kuongea, Bibi alipiga magoti kwa shida, akaegemeza sikio lake kwenye spika ya televisheni. Alikuwa anaitafuta sauti ya chini, ile ya Kiarabu, ambayo sisi huwa hatuifuti bali tunaipunguza. Ilikuwepo pale, hafifu, chini ya "Haloo, haloo." Watoto walikuwa wanakijua kipande hicho kutoka kwenye simu, walikisema pamoja nami, kwa sauti moja, wakipiga makofi.

"Huyu mtu," Bibi akasema bila kuondoa sikio, "hanyamazi hata kidogo?"

Akanigeukia mimi. "Mwanangu, wewe unajua mambo haya. Huwezi kuiondoa sauti yake, ibaki ya babu tu?"

"Haiwezekani, Bibi," nikasema. "Zimeshachanganyika."

Hilo lilikuwa neno langu la kweli pekee siku ile.

Ilipokwisha alinishukuru kwa kuunganisha nyaya. Akanifungia pilau nyingine kwenye hotipoti. Niliipeleka chumbani, nikafunga mlango, na nikaila. Sijui kwa nini naikumbuka ile pilau kuliko mengine. Ilikuwa nzuri, na niliimaliza.

Siku zilizofuata nilitoka kupitia mlango wa uani, ule wa kutupia taka, ili nisipite dukani. Shikamoo ya miaka minne niliikata ghafla. Nilijua la kufanya. Filamu yenyewe, isiyo na sauti yangu, ilikuwa kwenye kompyuta ya studio; kuinakili kwenye flashi ni kazi ya dakika tano. Lakini kumpelekea ilikuwa ni kumwambia, maana angeuliza nimeipata wapi. Kwa hiyo kila siku nilikwenda kazini na flashi tupu mfukoni na kurudi nayo tupu. Nilijipa sababu: leo fundi yupo, leo umeme, leo foleni ya kazi. Siku kumi na moja.

Siku ya kumi na mbili niliamka na homa, nikalala ndani, na Bibi akanitumia uji kupitia kwa msichana wa miwani. Msichana aliuweka kikombe chini, akabaki amesimama.

"Bibi anauliza umemkosea nini," akasema.

"Kasema hivyo?"

"Kasema: kamuulize mpangaji wangu amenikosea nini mpaka anapitia kwenye taka."

Nilikwenda studio na homa yangu, nikainakili filamu. Nilimkuta Bibi dukani, anapima ubani kwa mteja. Nilisubiri mteja aondoke. Nikaweka flashi juu ya meza.

"Shikamoo, Bibi. Hii ni ile filamu. Haina sauti ya yule mtu."

Aliigeuza mkononi. "Umeitoa wapi?"

Hata pale, jamani. Hata pale mdomo wangu ulikwenda wenyewe. "Kwa rafiki yangu," nikasema.

Aliifunga mizani taratibu na kuisukuma pembeni. "Miaka minne unaniamkia kila asubuhi. Unadhani sikukujua? Nilikujua ulipofungua kinywa. Nikasema labda nimekosea, nikakutazama, ukaangalia sahani."

Nilitaka ardhi inimeze. Nikauliza kwa nini hakusema.

"Ningesemaje? Nyumba ina wageni, na wewe pia ulikuwa mgeni wangu. Mgeni haaibishwi na chakula chake mkononi." Kisha akasema, bado kwa upole, na upole ule ndio uliniumiza: "Sikukasirika kwamba umekosea tafsiri. Nilitaka kujua kitu kimoja tu. Hukuona kwamba yule mtu analia?"

Nilikuwa nimeona. Hakuna pa kukimbilia hapo. Kiarabu sikukijua, lakini macho ninayo. Niliona kwamba yule mtu analia, na nikaendelea.

Nilimwambia hivyo. Nilimwambia pia kuhusu mlangoni, na madrasa, na uongo wa lugha. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akafunga duka, saa nne asubuhi, jambo ambalo hakulifanya hata akiugua, akaniambia niingie sebuleni.

Tuliiangalia pamoja, mimi na yeye na msichana. Alisimamisha kila baada ya maneno machache na kunieleza. Mke niliyemfanya mkorofi alikuwa anamhesabia mumewe pumzi, ili ajue hewa ya chini bado ni nzuri. Yule kijana mwenye mwanya alikuwa anacheka kwa sababu baba yake alikuwa akimwimbia wimbo wa kitoto hadharani. Tulipofika kwenye ukingo wa kisima, Bibi hakusimamisha. Aliacha yule mtu aongee mpaka mwisho, sebule nzima kimya, ndipo akatwambia.

"Anamwambia mwanawe: Nimekuja kukuaga. Kesho tunahama. Mama yako alikushonea kanzu ya Idi, nimeivaa mimi, inanibana. Maji yametoka, mwanangu, yametoka upande ule ulioniambia nami nikakataa. Watu wamekunywa. Mimi nimeshindwa kuyanywa, usinichukie. Nitayanywa mwaka ujao."

Msichana alivua miwani. Mimi nilikuwa naangalia mkeka.

"Alikunywa?" aliuliza msichana.

"Mama alisema alirudi kila mwaka," Bibi akajibu. "Kama alikunywa, hakusema."

Nilimwomba anipe adhabu. Nilisema hivyo hasa, kama mwanafunzi. Akaniambia adhabu hana, ila ana ombi: niitafsiri upya, kama ilivyo, na nisiongeze.

Mzee wa studio alikataa kabla sijamaliza. "Inayotembea unaigusa ya nini? Watu wanacheka, wewe unataka walie?" Kwa hiyo tuliifanya asubuhi na mapema, kabla hajafika, kwa siku tatu mfululizo. Fundi mitambo alikubali kunyamaza. Bibi alipanda ngazi za ghorofa tatu kwa magoti yale, akipumzika kila kona, msichana amemshika mkono, mimi nyuma yao. Nilimwekea kiti ndani ya kile chumba cha trei za mayai. Yeye alinieleza kwa sauti ya chini, mimi nikasema kwenye maiki kwa sauti yangu halisi, na pale walipokaa kimya nilikaa kimya. Ilikuwa vigumu kuliko kazi yoyote. Mikono yangu ilitafuta kitu cha kushika.

Kwenye ukingo wa kisima nilianza, "Nimekuja kukuaga," nikakwama. Nilirudia mara tatu. Kila nilipofungua kinywa nilisikia ile haloo yangu. Bibi akanigusa bega.

"Ondoka hapo. Nitasema mimi."

Alikaa mbele ya maiki. Alisema maneno ya babu yake kwa Kiswahili chake cha Msimbazi, polepole, bila kuigiza, pumzi zake za ngazi zikisikika. Fundi hakukata zile pumzi.

Ningependa sana kuandika kwamba watu waliipenda. Tulitoa nakala hamsini za CD. Tulizigawa kwa ndugu zake, na zilizobaki nikaziweka kwenye meza za marafiki wauza CD; nyingi zilirudi bila kununuliwa. Kijana mmoja mwenye kibanda umiza, aliyekuwa ananiheshimu, alikubali kuionyesha Jumapili alasiri. Nilikaa nyuma kabisa, kwenye benchi la mwisho. Dakika kumi za kwanza walivumilia. Halafu mtu akasema, "Mbona huyu DJ amelala?" Kikafika kipande cha kisima, ikatoka sauti ya bibi mzee, na kibanda kizima kikaanza kupiga miluzi. "Weka ile ya mtandao! Weka ile yenyewe!" Mwenye kibanda akageuka kunitafuta kwa macho gizani, aniulize afanye nini.

Nilipaswa kusimama. Nilipaswa kusema, jamani, yenyewe ni hii. Ile nyingine niliitunga mimi. Watu wenyewe walikuwa thelathini tu, tena wengi wananijua. Nikainamisha kichwa. Akaitoa, akaweka ile ya zamani, na nikatoka huku wakishangilia sauti yangu.

Bibi aliponiuliza ilikuwaje nilimwambia, safari hii bila kupunguza. Akasema, "Basi," akaendelea kufunga vifurushi vya tende.

Mwaka uliofuata ndugu zake waliorithi naye waliuza ile nyumba. Mtaa ule nyumba za chini zilikuwa zinavunjwa moja moja kupandisha maghorofa ya maduka, na yeye mwenyewe alikuwa amechoka kubishana nao. Akaamua kwenda kukaa na binti yake Tanga. Wapangaji tulimsaidia kubeba: makabati, sinia za shaba, magunia ya ubani ambayo yalitia harufu kwenye mashati yetu kwa siku mbili. Gari lilipokuwa tayari nilimfuata pembeni, nikamwomba radhi. Sikuwa nimewahi kuitamka waziwazi. Nilikuwa nimeizungukazunguka kwa kazi.

"Bibi, nisamehe."

Alinitazama, akakaa kimya vile anavyokaa. "Mimi nilikusamehe siku ulipopanda na mimi zile ngazi," akasema. "Yaliyobaki ni yako na babu yangu. Huko siwezi kukuingilia." Akaingia garini, msichana akampandishia miguu na kumfunikia kanga.

Alifariki huko huko Tanga baada ya miaka miwili. Msichana ndiye aliyenitumia ujumbe. Nilikwenda kwenye hitima, nikakaa nje na wanaume, na hakuna aliyenijua.

Nikisimulia haya watu huwa wananiuliza kama niliacha kazi. Sikuacha. Nilikaa studio miaka mingine miwili baada ya Bibi kuhama. Nilijiandikisha darasa la Kiarabu la jioni msikitini, nikasoma kwa bidii, nikafika mahali naelewa nusu ya taarifa ya habari. Lakini mwezi ule ule Bibi alipohama, mzee aliniletea filamu ya maisha ya muuguzi mmoja wa vitani, kwa lugha ambayo hata jina lake sikulijua, haina maandishi. Aliuliza, "Hii utaiweza?" Nikamjibu nitaiweza. Nilivaa spika za masikioni, fundi akazima feni, na nikaanza kusema.